Rangi Mpya ya Kamera ya Baba Yako

Mwanangu Godlisten,

Barua zote nilizowahi kuandika nimezianza kwa kuuliza hali. Yako siulizi, kwa sababu umetoka hapa muda si mrefu. Umekula nusu sahani ya makande, ukasema umeshiba, ukaenda kuwaaga wenzako kule barabarani. Begi lako liko hapa miguuni pangu. Barua hii nitaiweka ndani yake, chini ya sweta, uikute ukiwa umeshafika Mererani.

Habari za kuchemsha maji, za kutafuta usharika wa huko, za kutolala na nguo mbichi, shangazi yako alikueleza jana hadi ukaanza kupiga miayo. Sitazirudia. Mimi nina jambo moja tu, na nilitaka kukuambia kwa mdomo. Lakini nilipoanza, "Godi, kuhusu ile kamera," uliinua mkono ukasema, "Mama, tuyaache. Mimi nimeshasahau." Ulisema kwa upole sana. Kama ungekuwa umesahau, ungeniuliza kamera gani.

Unaondoka ukiamini kwamba baba yako alikunyima kazi yake. Umeamini hivyo tangu Jumapili ile alipoiweka kamera juu ya stuli akasema hana cha kukupa. Nimekuona miezi yote hii ukimwamkia shikamoo huku umeshageuza mgongo. Mimi ndiye niliyekuwa najua ukweli, nami nikanyamaza. Sasa nausema, wakati ambapo hauwezi kukuzuia hata hatua moja.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Baba yako aliinunua ile kamera kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na shamba la kahawa upande wa Nduruma, siku hizo Wagiriki wanafunga virago kurudi kwao. Hata wakati huo ilikuwa kitu cha zamani, nzito, ya chuma, imepakwa rangi nyeusi na kuvikwa ngozi kiunoni. Baba yako alikuwa kijana asiye na hata baiskeli. Aliitia kwenye mfuko wa unga akapanda nayo mlimani kwa miguu, usharika hadi usharika, akipiga picha za kipaimara na za harusi. Mimi alinipiga siku ya kipaimara changu. Nilikuwa nimevaa gauni jeupe la kuazima, limenibana makwapani, na nimesimama kama nguzo. Wenzangu aliwapiga upesi upesi. Mimi alinisubiri. Hakuniambia nicheke wala nigeuke. Alisubiri tu mpaka nikachoka kujikaza, na nilipopumua ndipo nikasikia kamera ikilia. Nilitazama mikono yake. Kidole gumba kilikuwa kimekaa nyuma ya kamera kana kwamba kilizaliwa pale.

Ulipozaliwa wewe, rangi ilikuwa imeshaanza kulika. Ililika pale gumba lilipokaa, na pale kidole cha shahada kilipokuwa kikingoja juu ya kitufe, na ukingoni kushoto ulipolalia kiganja. Shaba ya njano ikatokeza chini yake, laini kama ukucha. Mahali pengine pote kamera ilikuwa nyeusi bado. Kama ungempa mtu asiyemjua baba yako aitazame, angeweza kukuambia mwenyewe anaishikaje.

Studio ya karibu na soko unaikumbuka, na lile pazia lililochorwa mlima, wakati Meru wenyewe ulikuwa unaonekana ukichungulia tu mlangoni. Watu walipanga foleni kupigwa mbele ya mlima wa rangi. Tulikuwa tunacheka sana wakati ule. Sijui kama kicheko hicho unakikumbuka, maana ulikuwa mdogo, na ningependa uamini kwamba kilikuwepo.

Kisha mambo yakafunguliwa, maduka yakajaa vitu, na mashine za picha za rangi zikaingia mjini. Mtu anapeleka filamu, anakwenda kunywa chai, akirudi anakuta picha zake zimetoka, nyuso nyekundu kama nyanya, na anafurahi. Nani angerudi kwa baba yako kusubiri wiki nzima apate picha ya kijivu? Na kabla hatujajua la kufanya, macho yake nayo yakaanza. Alianza kwa kuwakata watu vichwa. Bwana harusi mmoja alikuja na ndugu zake na picha mkononi, mke wake ameishia shingoni. Baba yako aliomba radhi akidhani ni mwanga. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na kwamba tungekuja mapema. Wakati huo huo kiwandani nilikokuwa nikiendesha mashine wakapunguza watu, nami nikawamo. Tukafunga studio, pazia la mlima tukalikata mapazia ya jikoni.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo hukuijua, ingawa ulikuwa humu humu ndani.

Unakumbuka alivyokuwa akikaa jioni kwenye benchi pale mlangoni na kamera mapajani. Haikuwa na filamu. Anaivuta, anabonyeza, inalia. Anaivuta tena. Wewe uliwahi kusema mlio ule unakubembeleza. Mimi ulikuwa ukinichoma. Nilikuwa narudi kutoka kuuza ndizi, miguu imevimba, nakuta mume wangu anampiga picha mtu asiyekuwepo. Kwanza alikuwa akiipapasa. Gumba linatafuta mahali pake, linapapata, halafu uso wake wote unatulia. Mimi nilipomshika bega hakuwa akitulia hivyo. Alikuwa akishtuka.

Siku moja nikamwambia, "Baba Godi, si uiweke chini hiyo? Imeshakufa."

Akanijibu, "Haijafa. Nimekufa mimi."

Alisema bila hasira, kama mtu anayekutajia leo ni siku gani. Ningeweza kukaa naye pale kwenye benchi. Nafasi ilikuwepo. Nilikwenda jikoni kukoka moto, na mpaka leo nikikumbuka ndoa yetu ilipovunjika, naona moto ule na mimi nimeinama naupuliza.

Wewe ulimaliza kidato cha nne, jina lako halikutoka. Ukaenda kwenye shamba la maua kule Nduruma, ukawa unarudi Jumamosi na mikono iliyochanika kwa dawa. Kila uliporudi ulikuwa na habari za machimbo ya Mererani, za fulani aliyepata jiwe, za fulani aliyenunua gari. Wakati huo mtoto wa Mama Ndeshi alikuwa ameshaletwa nyumbani kutoka huko amefunikwa shuka. Ulishika jembe ukasaidia kumchimbia kaburi, na jioni yake bado ulikuwa unazungumza habari za Mererani. Nikakuuliza huogopi? Ukasema unaogopa, lakini shambani pia unaogopa. Halafu ukasema, "Mama, ningekuwa na kamera, nisingekwenda." Pengine ulisema tu ili ninyamaze. Mimi nililishika neno hilo kama mtu anayezama.

Masika yalipoanza, baba yako mkubwa akaja kumchukua baba yako, ampeleke Poli akakae na bibi aliyekuwa mgonjwa. Kamera aliiacha, kwa sababu ukungu wa kule juu huingia kwenye lenzi. Aliniachia mkononi. Aliniambia, "Iweke pakavu." Ni hilo tu aliloniomba.

Nilikwenda kwa fundi Rashidi, yule wa gereji ya barabara ya Njiro anayepuliza magari rangi. Nilimwonyesha. Akaigeuza geuza, akasema kitu kizuri hiki, kisha akaniuliza, "Mwenyewe amesema ipakwe?" Nikamwambia ndiyo. Akanipa rangi nyeusi iliyobaki kwenye gari la mtu, tina ya kuiyeyushia, msasa laini, na donge la pati la kuzibia pale ilipobonyea siku baba yako alipoanguka na baiskeli akitoka harusini. Akanionya nizibe ndani vizuri kabla sijaanza kusugua, vumbi la msasa lisiingie. Nilimsikia. Nilitia kitambaa nikadhani kinatosha.

Kazi niliifanya mwenyewe, pale kwenye meza ya nyuma ya nyumba. Mimi nimekaa na mashine nusu ya umri wangu, skrubu ndogo hazinitishi. Nilibandua ngozi kwa wembe, nikafungua kifuniko cha juu na cha chini, skrubu nikazipanga kwenye kisosi kwa mpangilio wake. Kisha nikashika msasa. Nilianza na pale pa gumba, kwa sababu ndipo palipokuwa pabaya zaidi. Palikuwa na kibonde kidogo, Godi, cha kutosha ncha ya kidole. Chuma kile kilikuwa kimeinama kidogo kwa miaka ya kushikwa na mtu mmoja. Nilikisugua kile kibonde mpaka kikalingana na sehemu nyingine, nikapitisha kidole changu juu yake, nikafurahi kwamba hakionekani tena.

Rangi niliipuliza kwa ile pampu ya bati ya dawa ya mbu, baada ya kuiosha kwa tina. Nilipuliza nyembamba, nikaacha ikauke, nikapuliza tena. Vipande nilivitundika stoo kwa waya, na mlango nikaufunga ili kuku wasitimue vumbi. Halafu nikavioka kwenye sufuria yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki ya Krismasi, ili rangi ikamate. Ulirudi Jumamosi ukauliza nani amechoma kiatu. Tulicheka. Ngozi mpya niliikata kwenye mkoba wangu wa kanisani, nikaibandika kwa gundi ya viatu.

Ilikuwa nzuri. Hata leo siwezi kusema haikuwa nzuri. Ilikuwa nyeusi na inang'aa kama mbegu ya parachichi iliyooshwa. Ulipoishika ulicheka, ukaiweka jichoni ukanitazama ndani yake, ukaanza kunitajia sharika utakazozianza, na kwamba wazee wa mlimani bado wanazipenda picha za zamani. Ulibonyeza, ikalia kwa kukwama, kama mtu mwenye kikohozi. Nikakuambia itazoea.

Ningependa nikuambie kwamba niliyafanya hayo yote kwa ajili yako. Nilijiambia hivyo kila siku nilipokuwa nasugua. Lakini moyoni palikuwa na kitu kingine, na nisipokisema leo sitakisema tena. Nilitaka ule mlio wa jioni uishe. Nilitaka atoke mikononi mwa kitu kile arudi kwangu, hata kama ni kwa sababu hana pengine pa kwenda. Nilipokuwa nasugua pale pa gumba, sikuwa nasugua kwa upole.

Jumapili ile unaijua, lakini uliitazama ukiwa umesimama upande mwingine wa meza. Mimi nilikuwa karibu naye, nikaona mikono.

Nilikuwa nimepika wali na kuku. Baba yako alikuwa amerudi jana yake, amekonda, bado ananukia moshi wa kule juu. Nikasema, "Baba Godi, kijana wako amekua. Mkabidhi kamera kwa mkono wako mwenyewe." Nikamwekea mapajani. Aliishika kwa mikono miwili akitabasamu. Gumba lake likaenda mahali pake. Halikupaona. Likarudi nyuma, likaenda tena polepole zaidi, kama mtu aliyekosea mlango kwenye nyumba yake. Kidole cha shahada nacho kikatafuta. Akaigeuza chini akatafuta pale palipobonyea. Tabasamu lilikuwa bado usoni, lakini lilikuwa limeachwa pale peke yake. Akabonyeza. Kamera ikakohoa.

Akaniuliza, "Umeifanya nini?"

Nikasema, "Nimeipangusa tu."

"Mama Godi. Umeifanya nini?"

"Nimeipangusa vumbi, basi."

Akaipapasa stuli, akaiweka kamera juu yake taratibu, akasema, "Basi mimi sina kamera. Sina cha kumpa."

Wewe ukatoka. Hukugusa hata chakula. Niliona uso wako ulipopita mlangoni, nami nikajua ulichosikia. Ulisikia kwamba huaminiki. Ulikumbuka siku ile utotoni ulipofungua kamera ikiwa na filamu ndani, picha za harusi nzima zikaungua, naye akakuambia usiiguse tena maisha yako yote. Ulidhani hajalisahau hilo. Mwanangu, hakuwa anazungumza na wewe. Alikuwa anazungumza na mimi. Neno lilikuwa langu, wewe ulikuwa umesimama njiani likakupiga.

Ningetoka nikakukimbilia. Ningesema palepale, mbele yenu wote wawili: nimeisugua, nimeipaka, nimeioka, na sikumwuliza. Sikusema kwa sababu nilikuwa nimeshaliona lile gumba likitafuta. Nilijua nilichokiondoa, na nilijua hakipatikani dukani. Nikajiambia nitasema kesho.

Kesho yake wewe ulikuwa na wale vijana wa Mererani mnapanga safari, na baba yako alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nikaahirisha. Ukishaahirisha jambo kama hilo halikai vilevile. Kila siku linazidi uzito, mpaka unaanza kumkasirikia mtu uliyemkosea kwa sababu tu bado yupo.

Nilijaribu kurudisha. Hili nalo hukulijua. Wakati wewe uko shambani, nilichukua msasa uleule nikaikwangua rangi pale pa gumba na pale pa kidole cha shahada. Shaba niliipata. Gumba sikulipata. Nilimwekea kamera kando ya mto. Aliigusa kwa ncha za vidole, akaisogeza kwangu bila kusema neno, kwa adabu, kama unavyomrudishia mgeni kitu alichokisahau. Baadaye hata kule kukohoa kukaisha. Nikaipeleka kwa fundi wa kamera mjini. Akaifungua akanionyesha kitambaa cha ndani kinachofungua na kufunga njia ya mwanga, kimejaa vumbi jeusi na kimegandana kwa rangi. Akasema kitu kama hicho hakina spea siku hizi. Iko juu ya kabati. Sikukuwekea kwenye begi. Haina cha kukufanyia.

Huko uendako utaishi na watu, na siku moja na mtu wako mwenyewe. Utaona vitu vyake vilivyochakaa vikikukera. Sina cha kukufundisha, mimi ndiye huyu unayeniona. Ila nilikuwa na mwenye kitu ndani ya nyumba yangu, anasikia, ana akili zake timamu, na nilimwendea fundi wa magari kabla ya kumwendea yeye. Na aliniuliza mara mbili. Hiyo ya kwanza labda mtu anaweza kujibu uongo kwa woga. Aliponiuliza mara ya pili alikuwa ameniachia mlango wazi. Mara nyingi, nikilala, najisikia nikiufunga.

Sasa nikuambie ya leo.

Ulipotoka baada ya chakula, nilikwenda nikaketi kitandani kwake, upande wa miguu. Nikasema yote. Nilianza na fundi Rashidi nikamaliza na yule wa mjini. Nilimwambia na habari ya mlio wa jioni, kwamba nilitaka uishe. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilidhani amelala, maana hakujigeuza.

Kisha akasema, "Nilijua Jumapili ile ile. Nilikuwa nasubiri useme."

Nikamwuliza, "Na mtoto je?"

"Nilidhani utasema kesho yake," akasema. "Kisha nikadhani keshokutwa. Halafu nikaona haya kuanza mimi." Akajifunika macho kwa mkono, yale macho yasiyoona kitu.

Ndivyo ilivyokuwa, Godi. Tulikuwa wawili humu ndani, kila mmoja anamsubiri mwenzake, na wewe katikati unafunga begi. Hakuna aliyekunyima chochote. Tungekuwa tumekunyima, angalau ungekuwa na mtu wa kumchukia.

Nikamwambia bado hujaondoka, basi lako ni la kesho asubuhi, nikuite aseme nawe. Akaniuliza, "Nimwite nimwambie nini? Abaki? Abaki ashike nini?" Nililitafuta jibu. Nilitazama dirishani, pale palipokuwa na mibuni tuliyoing'oa kupanda maharage. Nilifikiria kiwanda, nikafikiria lile shamba la maua na mikono yako. Nilitazama juu ya kabati. Sikupata jibu, na nadhani ndiyo sababu sikuthubutu kukufuata huko barabarani hata baada ya kuyasikia hayo. Ningekufikia, ungegeuka, ungesema, "Naam, mama," na mimi ningesimama pale na ukweli wangu mkononi, na kesho yake ungeondoka vilevile.

Sikuambii ujihadhari na yale mashimo. Mama Ndeshi alimwambia wake. Sikuambii upate jiwe urudi tajiri. Ukirudi hivi ulivyo, na mikono yako hiyo hiyo iliyochanika, nitakuwa nimepata zaidi ya ninachostahili, na sitegemei. Nimezoea sasa kutotegemea. Ningependa tu usishuke mle chini ukidhani ulikosa mkono wa baba yako kwa sababu ya filamu iliyoungua ukiwa mtoto.

Wala siwezi kukuomba umuage vizuri. Ukifika hapa kusoma utakuwa umeshamuaga, kwa namna yoyote ile uliyomuaga. Kama ulisema shikamoo ukiwa mlangoni naye hakuitika, alisikia. Huwa anaisikia kila siku. Midomo yake hutikisika wewe ukiwa umeshapita.

Nilitaka niishie hapo. Lakini sasa hivi ameniita kutoka chumbani, ameuliza huo ni mkwaruzo wa nini. Nikamwambia ni kalamu, namwandikia Godi. Kisha akasema, "Mwandikie kwamba."

Nikageuza karatasi, nikasubiri. Nikamwuliza, "Nimwandikie kwamba nini?"

Akasema, "Ngoja kwanza."

Nimengoja. Nimesimama mlangoni pake nimengoja, nimerudi nimekaa, nimengoja tena. Hajasema zaidi, na sasa nasikia miguu yako nje. Nimekuandikia kama alivyosema.

Mama yako